Tofali la Kasulu linakula kuni kiasi gani?

Ukipanda gari Kigoma mjini kwenda Kasulu mwezi wa saba au wa nane, angalia pembeni mwa barabara. Utaona rundo la matofali kubwa kama chumba, limekandikwa udongo pande zote, chini lina midomo miwili mitatu ya moto, na moshi unavuja juu taratibu. Hilo ni tanuru. Ukiendelea mpaka Kibondo utaona mengine mengi. Kiangazi ni msimu wa kuchoma matofali, maana mvua zikishaanza kushuka mwezi wa kumi na kuendelea, matofali mabichi yanarudi kuwa tope.

Sasa fungua simu yako uone matangazo ya nyumba na viwanja. Kuna msemo umeanza kuwa mtamu mdomoni mwa madalali: nyumba rafiki wa mazingira. Ulianzia Dar es Salaam na Arusha, lakini misemo ya madalali haihitaji lami kusafiri. Mteja anaambiwa nyumba ina sola juu, tangi la kuvunia maji ya mvua, madirisha makubwa, bustani mbele. Ukuta hautajwi. Ukuta umeshapigwa plasta na rangi, nani atauliza?

Mimi nataka tuuulizie ukuta. Katika nyanda za juu za Kigoma, historia ya mazingira imeandikwa kwenye kuta za nyumba, na ukiifuata utakuta jambo la ajabu kidogo: kila kizazi kilipata nyumba bora yake, na karibu kila mara bili ilipelekwa msituni.

Tuanze na msonge

Nyumba ya zamani ya Waha ilikuwa ya msonge. Duara, fito zilizopindwa kukutana juu, nyasi zikishuka mpaka karibu na ardhi. Kwa Kiha nyumba ni inzu, neno lilelile la majirani zao Warundi. Watu hawakuishi kwa kubanana. Kila kaya ilikaa kwenye shamba lake, migomba ikiizunguka, jirani akiwa upande wa pili wa kilima. Nguzo zikiliwa na mchwa unajenga nyingine, ile ya zamani inaoza na kuwa mbolea ya migomba. Kwa hesabu za leo za hewa ya ukaa, hakuna mkandarasi wa Dar anayeweza kuishinda hiyo.

Lakini tusiipambe kupita kiasi. Ndani kulikuwa na moshi, nyasi zilishika moto, na sakafu ya vumbi ilikuwa maskani ya papasi. Kama hujawahi kusikia homa ya papasi, shukuru. Ni homa inayokuja, inaondoka, halafu inarudi, na mdudu anayeieneza anakaa kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, anatoka usiku kunyonya damu. Robert Koch, yuleyule wa vijidudu vya kifua kikuu, aliwachunguza papasi hao mwaka 1905 hapahapa, wakati nchi inaitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kwa hiyo mtu aliyetaka kutoka kwenye msonge alikuwa na sababu ya kiafya. Usimwite mshamba aliyependa mambo ya Wazungu.

Tofali la kuchoma lilikuja na wamisionari. Wamisionari wa Afrika, wale walioitwa Mapadri Weupe, walifika Ujiji mwaka 1879, na kadiri misheni zilivyopanda kuelekea Buha, ndivyo makanisa, shule na zahanati za matofali zilivyojitokeza vilimani. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, nayo ikaleta njia ya mabati na saruji kutoka pwani, zaidi ya kilomita 1,200. Kwa muda mrefu hivyo vyote vilikuwa vitu vya misheni, boma la serikali na wafanyabiashara. Mwananchi aliviona, akavitamani, akarudi kwake kukata fito.

Mwaka 1972 na udongo ulaya

Mabadiliko makubwa yalikuja na vijiji. Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972, kabla ya ile ya nchi nzima iliyofuata tamko la Mwalimu Nyerere la Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri. Watu wa Kasulu na Kibondo waliteremshwa kutoka vilimani, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Kitabu cha historia ya shule kitakwambia habari za zahanati, shule na maji. Mara chache kitakwambia habari za miti.

Fikiria kidogo. Kabla ya hapo, kaya mia tano zilikuwa zimetawanyika eneo kubwa, kila moja ikikata nguzo chache karibu na kwake, na miti ikipata miaka ya kuchipua tena. Kisha kaya hizo mia tano zinawekwa sehemu moja, na zote zinahitaji nyumba ndani ya msimu mmoja. Idadi ya watu haijaongezeka hata mmoja, lakini msitu unaouzunguka huo mstari wa nyumba unapigwa kwa mkupuo. Wanaikolojia wanajua vizuri kwamba swali la "wangapi" halitoshi, lazima uulize "wapi" na "kwa haraka gani".

Baada ya vijiji ikaja kampeni ya nyumba bora. Nchi ilishakuwa na kitengo chake cha utafiti wa ujenzi tangu mwaka 1971, ambacho ndicho mwaka 2001 kikawa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA. Kulikuwa na Benki ya Nyumba Tanzania. Kulikuwa pia na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, kilichoanza kuzalisha mwaka 1966. Tatizo ni kwamba saruji haikutosha, fedha za kigeni hazikutosha, na baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973 hata kusafirisha mfuko mmoja mpaka Kibondo ilikuwa safari ya wasiwasi.

Hapo ndipo Mwalimu, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha mwaka 1977, alipowasema watu waliokataa kujenga mpaka wapate bati na saruji. Aliona ni ugonjwa wa akili zilizolemaa. Saruji kwao ilikuwa "udongo ulaya", wakati udongo wa nyumbani upo, unaweza kuchomwa ukawa tofali na kigae, na kigae ni kizuri kuliko bati.

Kiuchumi hoja yake ilikuwa imara. Udongo ni wetu, kazi ni yetu, hakuna dola inayotoka. Nikisoma leo naikubali karibu yote. Kuna sehemu moja tu ambayo haikuwemo kwenye hesabu: moto. Tofali linachomwa kwa kitu gani?

Ndani ya tanuru

Twende taratibu hapa, maana ndiyo sehemu ya sayansi.

Udongo wa mfinyanzi ukiukausha juani, maji yaliyo kati ya chembe yanaondoka. Lakini kuna maji mengine yamefungwa ndani ya madini yenyewe, na hayo hayatoki mpaka joto lipite nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Yakishatoka, udongo haurudi tena kuwa tope hata uuloweke mwaka mzima. Ukipandisha joto zaidi, kuelekea nyuzi 900 au 1,000, kingo za chembe zinaanza kuyeyuka na kushikana. Hapo ndipo tofali linapata mlio wake, ule fundi anaousikiliza akigonganisha mawili.

Tanuru la kienyeji halina ukuta wake. Matofali yenyewe ndiyo tanuru. Joto linapotea pande zote, yale ya katikati karibu na moto yanaiva mpaka kubadilika umbo, ya pembeni yanabaki nusu mbichi. Tanuru la namna hii hutumia kati ya megajuli 2 na 4 kwa kila kilo moja ya tofali. Tuchukue 3. Tofali la wastani tuseme lina kilo 3.2. Kuni zilizokauka kwa upepo hutoa takriban megajuli 15 kwa kilo. Hesabu inakuja hivi: tofali moja linakula kama gramu 640 za kuni. Nyumba ya kawaida ya matofali 5,000 inakula tani 3.2.

Tani tatu si jambo la kutisha ukilitazama peke yake. Malori mawili madogo ya kuni, nyumba imesimama miaka arobaini. Ila hesabu haijengi nyumba moja. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.1 mkoa wa Kigoma, ya mwaka 2022 ikahesabu karibu milioni 2.5. Ongezeko ni kama watu 340,000. Ukiwapanga sita kwa nyumba unapata nyumba 57,000 hivi. Tuseme nusu tu yake ni za tofali la kuchoma: hapo ni zaidi ya tani 90,000 za kuni kwa miaka kumi, kwa kuta tu, kabla hujapaua na kabla mtu hajapika ugali. Hii ni hesabu ya nyuma ya bahasha, niliyoifanya mimi kwa makadirio, usiipeleke kwenye tasnifu. Lakini inakupa ukubwa wa jambo.

Na kuna mashimo. Udongo mzuri wa tofali, mara nyingi ule wa kichuguu ambao mchwa wameshauchambua na kuupandisha juu, unachimbwa hapohapo karibu na nyumba. Shimo linabaki, mvua inalijaza, mbu wa malaria wanapata makazi. Mwenye nyumba ameukimbia mdudu wa papasi ndani akamwalika mwingine nje.

Nani alimaliza miti?

Ukiuliza swali hili Kasulu au Kibondo, jibu la haraka ni: wakimbizi. Ni jibu lenye ukweli ndani yake. Baada ya mwaka 1993 Warundi walikuja kwa maelfu, na mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu kwa ajili ya Wakongo. Mtabila, Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Karago, orodha ya kambi za Kasulu na Kibondo ya zamani (kabla ya Buhigwe na Kakonko kukatwa mwaka 2012) ni ndefu. Nyingine zilifungwa, kisha mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena, Nduta ikafunguliwa upya mwezi Oktoba, Mtendeli Januari 2016, na Mtendeli ikafungwa tena mwaka 2021. Makumi ya maelfu ya watu sehemu moja, wote wanapikia kuni. Msitu unaozunguka kambi haukuwa na pa kujificha.

Ila angalia kuta. Nyumba za kambini, zile zilizochukua nafasi ya mahema, kwa sehemu kubwa zilijengwa kwa tofali bichi: udongo unafyatuliwa, unakaushwa juani, unapandishwa ukuta. Hauchomwi. Mkimbizi alijenga hivyo kwa sababu hakuruhusiwa kujenga cha kudumu na hakuwa na hela, wala hakuwa mwanaharakati wa mazingira. Hata hivyo, ukuta wake ulikula kuni sifuri. Wakati huohuo mjini Kasulu na Kibondo, biashara zilichangamka, watumishi wa mashirika walitafuta nyumba za kupanga, na mwenye nyumba aliyepata kodi nzuri akaongeza vyumba viwili vya uani. Kwa tofali gani? La kuchoma.

Kwa hiyo miti ilikatwa na wote. Mmoja kwa ajili ya sufuria, mwingine kwa ajili ya ukuta, na ukuta wa mwenyeji mara nyingine ulijengwa kwa fedha zilizoletwa na uwepo wa mgeni. Sioni namna ya kugawanya lawama hiyo kwa haki, na ninawashangaa wanaoigawanya kwa sentensi moja. Ukienda upande wa msitu wa hifadhi wa Makere Kusini, wilayani Kasulu, utakuta ugomvi wa mipaka kati ya wakulima na hifadhi ambao umechukua miaka, na hapo hata tofali halijaingia bado kwenye mazungumzo.

Mashine kutoka Bogotá

Njia ya kulifanya tofali liwe gumu bila kulichoma inajulikana siku nyingi. Miaka ya 1950, huko Bogotá nchini Kolombia, mhandisi Raúl Ramírez alibuni mashine ya mkono, sanduku la chuma lenye mpini mrefu. Unajaza udongo wenye unyevu kidogo uliochanganywa na saruji kidogo, unabana kwa nguvu ya mkono, linatoka tofali. Ikaitwa CINVA-Ram, jina la kituo alichofanyia kazi na kipande cha jina lake. Ilizunguka dunia nzima.

Watu wengine wakaongeza ujanja: tofali lipewe ulimi na mfereji, ili moja likae juu ya jingine kama vipande vya mchezo wa mtoto. Ndilo tofali la kufungamana. NHBRA imelifanyia utafiti na kulitangaza Tanzania kwa miaka mingi, pamoja na kufundisha vikundi vya vijana, na Mtanzania mmoja aliandika tasnifu nzima ya uzamivu juu yake katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, mwaka 2009. Faida kubwa ya huo ulimi ni kwamba huhitaji udongo wa kujengea katikati ya mistari. Tofali linakaa juu ya tofali, kavu.

Saruji ndani yake hufanya kazi gani? Inashika chembe za udongo zisiachane zikipata maji. Kwa udongo mzuri, asilimia 6 hivi inatosha. Tofali la sentimita 30 kwa 15 kwa 10 lina kilo kama 8, kwa hiyo saruji yake haifiki nusu kilo.

Sasa tulinganishe mita moja ya mraba ya ukuta, nawe ushike kalamu.

Ukuta wa tofali la kuchoma unahitaji kama matofali 50, sawa na kilo 32 za kuni. Kuni zikiungua na mti usipandwe mwingine, hiyo ni karibu kilo 58 za hewa ya ukaa. Ukuta wa kufungamana unahitaji matofali 33, sawa na kilo 16 za saruji. Kila kilo ya saruji, kwa kukadiria, imeshatoa kilo 0.8 za hewa ya ukaa kiwandani, sehemu kubwa ikitoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapopasuka kwa joto, si kwenye mafuta tu. Kwa hiyo ni kilo 13. Chini ya robo. Mpaka hapa tofali la kufungamana linaongoza kwa mbali.

Lakini kuna mgombea wa tatu, tofali la saruji na mchanga, lile la inchi 6 linalopendwa mijini. Yanaingia 10 kwa mita ya mraba, na mfuko mmoja wa kilo 50 ukitoa matofali 35, unapata kilo 14 za saruji. Soma tena. Kilo 14, pungufu ya zile 16 za kufungamana! Mimi mwenyewe nilipofika hapa niliirudia hesabu mara tatu. Tofauti inakuja baadaye. Hilo la inchi 6 linahitaji kujengewa kwa saruji, kama kilo 4 hivi, halafu linahitaji plasta ndani na nje, kama kilo 9 nyingine. Jumla 27. La kufungamana, likijengwa sawasawa, linabaki wazi, na uso wake unapendeza vilevile lilivyo. Urafiki wake na mazingira kumbe uko kwenye vitu ambavyo huvitumii. Kiweke akilini hicho, tutakirudia.

Ongeza na safari. Mfuko uliotoka pwani umevuka nchi nzima ndipo uanze kupanda Kasulu. Udongo haukusafiri hata hatua mia.

Swali la fundi

Ukimweleza fundi wa Kibondo haya yote, atakusikiliza kwa heshima, kisha atauliza: likinyeshewa je? Ni swali la haki. Baba yake aliona nyumba za tofali bichi zikilainika masika. Jibu lina sehemu tatu, na ukikosa moja yeye atakuwa sahihi wewe umekosea.

Kwanza udongo wenyewe. Si kila udongo unafaa. Chukua chupa ya maji ya plastiki iliyo wazi, ijaze udongo theluthi moja, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, iache mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, tope laini katikati, mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukiwa moja ya tano hivi uko vizuri. Ukizidi sana, tofali litapasuka likikauka, na itabidi uongeze mchanga. Ukipungua sana, halishikani hata ubane vipi. Udongo mwekundu wa nyanda hizi mara nyingi unafaa, lakini mara nyingi si kila mara, na shimo la leo si shimo la jana.

Pili, subira. Tofali likitoka mashineni linatakiwa kufunikwa na kumwagiwa maji, wiki ya kwanza hasa, na lisipandishwe ukutani mpaka limefika siku 28. Saruji haikauki kama nguo, inakula maji ili igande. Vijana wa kazi wanaolipwa kwa idadi ya matofali hawana sababu ya kukumwagilia. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na anayelaumiwa ni tofali.

Tatu, kofia na viatu: paa litokeze vya kutosha nje ya ukuta, na msingi upande juu ya ardhi ili maji ya mvua yasirukie tofali la chini. Msonge ulilijua hili zamani, nyasi zake zilishuka mpaka chini.

Hata hivyo, sidhani kama swali la mvua ndilo linaloamua. Kinachoamua ni namna watu wetu wanavyojenga. Mtumishi au mkulima wa Kasulu hajengi nyumba kwa mkopo wa benki ndani ya miezi sita. Anajenga kwa miaka. Akivuna maharage, anafyatua na kuchoma tanuru moja. Matofali yanakaa kiwanjani misimu mitatu, yanaota majani, hayaharibiki. Ni akiba, na mwaka wa shida anauza elfu moja analipa ada ya mtoto. Mwaka mwingine anainua boma, mwaka mwingine bati. Tofali la kuchoma linaukubali mwendo huo. La kufungamana linadai uwe na vyote kwa pamoja: saruji ambayo ikikaa inaganda mfukoni, mashine ya kukodi, fundi aliyefunzwa, na msingi ulionyooka kabisa, maana mstari wa kwanza ukipinda huna udongo wa katikati wa kurekebishia. Teknolojia inamtaka mtu mwenye hela za mkupuo. Ndiyo maana utayaona zaidi kwenye miradi, shule na ofisi, na kwa watu wachache wenye mshahara wa uhakika.

Mahitaji ya nyumba rafiki wa mazingira yanaongezeka, sikatai. Miti ikipungua, kuni za tanuru zinatoka mbali na bei inapanda, na anayekwenda kwenye mashine anakwenda kwa sababu ya mfuko wake. Sioni ubaya. Lami ya barabara ya Nyakanazi, na umeme wa gridi kwenye miji iliyokuwa ikitegemea majenereta ya dizeli, vimeongeza watu wanaotafuta viwanja na nyumba za kupanga, na mpangaji huyo mpya ana mambo yake: maji yapo? umeme una mita yake? ndani kuna vigae? Usiku wa Kibondo mwezi wa sita una baridi ya kweli, na mchana bati bila dari linachoma, kwa hiyo mpangaji mjanja ataangalia na dari. Ukuta umetengenezwa kwa nini, hilo haliko kwenye orodha yake.

Na mwenye nyumba analijua hilo. Hebu turudi kwenye zile kilo 9 za plasta. Mtu anahangaika, anatafuta udongo mzuri, anakodi mashine, anamwagilia siku zote zinazotakiwa, anapandisha ukuta wa kufungamana ulionyooka kama rula. Halafu kabla ya kumwita dalali anaupiga plasta ndani na nje, anapaka rangi, ili usionekane ni wa udongo. Saruji yake inatoka kilo 16 inafika 25, karibu sawa kabisa na jirani wa tofali la inchi 6. Kwenye tangazo ameandika nyumba rafiki wa mazingira, na tofali lenyewe huwezi kuliona tena.